SOMO: Kukimbia mbio za jangwani wakati wa mvua na tope (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "mvua imetabiriwa jangwani, nifanyeje" linarudi kila msimu na nimekuwa nikilijibu vipande vipande. Leo naliweka lote. Ukimaliza kusoma, uliza kile ambacho hakimo.

Kwanza elewa hili: mvua haibadilishi jangwa lote kwa namna moja. Mchanga uliolowa hushikana, ukakimbilika vizuri kuliko ukiwa mkavu. Udongo wa mfinyanzi uliolowa haukimbiliki kabisa. Kwa hiyo mpango wako utoke kwenye udongo wa njia, usitoke kwenye milimita za utabiri.

1. Igawe njia. Fungua ramani na picha za setilaiti, andika ni kilomita zipi za mchanga, zipi za mfinyanzi, zipi za mwamba na wapi unavuka korongo. Korongo kavu huonekana kama mkanda mweupe unaopindapinda. Mfinyanzi ni ule uwanda uliopasukapasuka, au vilima vitupu visivyoota kitu, mara nyingi vya kijivu au zambarau.

2. Raba. Meno ya soli yawe ya milimita 5 hadi 6 na yaachane vya kutosha. Meno yaliyobanana hulikamata tope na kubaki nalo. Raba zenye utando wa kuzuia maji ziache: maji yataingia kwa juu na hayatakuwa na pa kutokea. Fundo la kamba lipige mara mbili.

3. Miguu. Soksi nyembamba za sufu, mafuta ya mgando ya kutosha kwenye vidole, kisigino na unyayo. Soksi kavu jozi moja kwenye mfuko uliofungwa vizuri.

4. Koti. Koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa kwa ndani, glavu, na blanketi la dharura. Vyote unavibeba mwenyewe. Koti lililoachwa kwenye begi la kituo cha kilomita 40 halikusaidii kilomita ya 28.

5. Tope la mfinyanzi. Hapa ndipo mbio za watu huishia, kwa hiyo tulia usome.

Chembe za mfinyanzi ni bapa na nyembamba mno. Aina kadhaa zinazopatikana jangwani hunyonya maji katikati ya tabaka zake, zikavimba na kunata. Tope baya zaidi si lile la majimaji, ni lile la katikati, lililolowa lakini halijawa uji. Hilo huganda kwenye soli tabaka juu ya tabaka, hadi kila kiatu kinabeba mzigo ambao nyonga zako hazikuzoea kuunyanyua. Mkimbiaji anayeng'ang'ania kasi yake ya kawaida hapo huanza kuumia sehemu ya mbele ya nyonga, kisha kano ya kisigino, kwa sababu kisigino kinanaswa huku mwili ukiendelea mbele.

Fupisha hatua. Pandisha goti kidogo tu, tua kwa unyayo mzima, na usisukume kwa vidole. Pima kazi kwa pumzi, saa isikuamrishe. Kutembea hapo si aibu, na mara nyingi anayetembea anampita anayelazimisha kukimbia. Ukiona dimbwi katikati ya njia, pita ndani yake: tope la majimaji linaosha soli, ilhali kingo zake ndizo zinazonata.

ONYO la kwanza: usirushe mguu hewani ili tope lidondoke. Uzito ule mwishoni mwa mguu unaweza kuvuta msuli wa nyuma ya paja au kuumiza goti. Kwangua kwa ukingo wa jiwe au kwa ncha ya fimbo.

ONYO la pili, na hili ndilo linalowaangusha wengi: usikwangue kila baada ya hatua kumi, tope likifikia kiasi fulani huanguka lenyewe. Pale ambapo LAZIMA ukwangue ni mahali mfinyanzi unapoishia na mwamba kuanza. Mwamba wenye uso wa kukwaruza huwa unashika hata ukiwa umelowa, lakini soli iliyopakwa mfinyanzi haigusi mwamba, inagusa utelezi. Simama, safisha raba zote mbili, ndipo upande.

ONYO la tatu: usitoke njiani kutafuta pakavu. Lile gamba jeusi lenye vinundu juu ya udongo wa jangwa ni kiumbe hai, mchanganyiko wa bakteria, kuvu na mimea midogo unaozuia udongo usimomonyoke. Unyayo mmoja unaliharibu kwa miaka mingi.

Mwisho wa hatua hii: piga hesabu ya vipande vyote vya mfinyanzi kwa kilomita 4 kwa saa, kisha linganisha na muda wa mwisho wa kila kituo. Kama hesabu haikubali, punguza muda wa kukaa vituoni kuliko kujiua kwenye tope.

6. Makorongo. Mafuriko huja hata kama juu yako hakuna wingu, maana mvua inaweza kuwa imenyesha mbali, upande wa juu. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakaanza kuleta vijiti na mapovu, au ukasikia mngurumo usiokoma, panda juu papo hapo. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usivuke. Subiri; mafuriko mengi ya namna hii hupungua ndani ya saa chache.

7. Radi. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, shuka kutoka kileleni na kwenye uwazi. Usikimbilie ndani ya korongo. Kaa dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

8. Kula na kunywa. Baridi huficha kiu na njaa. Weka kengele ya saa ikukumbushe kula, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Pakiti zichane kidogo kabla ya mbio, vidole vikifa ganzi hutaweza.

9. Baada ya mbio. Osha raba kabla tope halijakauka, jaza magazeti ndani, anika kivulini.

Karibuni maswali.

---

Mpigalami: Mkuu, raba zangu za barabarani zitafaa?

Mtoa somo: Hatua ya 2.

Mpigalami: Nimeisoma, ila zangu bado mpya kabisa.

Mtoa somo: Upya wa raba hauoti meno. Hapana.

Swala_Mwekundu: Shukrani kwa somo. Umesema mchanga uliolowa unakimbilika. Je, na mchanga wa ndani ya korongo maji yakishapita?

Mtoa somo: Swali zuri sana dada, na lilipaswa kuwamo kwenye somo. Mchanga ulionyeshewa tu ni mgumu kwa sababu maji kidogo kati ya punje huzivuta pamoja. Mchanga uliotoka kufurika umejaa maji mpaka punje zinaelea, hauna mshiko. Unaweza kuzama hadi gotini. Chagua sehemu yenye kokoto, au jaribu kwa fimbo kwanza. Ukizama, usivute mguu kwa nguvu moja kwa moja. Egemea nyuma ugawanye uzito, chezesha mguu polepole ili maji yaingie pembeni yake, kisha utoe.

Kobe wa Nyika: Hili la koti naona umetia chumvi. Jangwani kuna joto, mvua inapoza tu.

Mtoa somo: Sijatia chumvi. Tarehe 22 Mei 2021, mkoani Gansu, China, wakimbiaji 21 walikufa kwenye mbio za kilomita 100 katika nchi kame, baada ya mvua ya barafu na upepo mkali kuwakuta mlimani. Wengi walikuwa na nguo nyepesi. Waliokufa hawakuwa wanagenzi, wengine walikuwa miongoni mwa bora wa nchi ile. Beba koti.

Kobe wa Nyika: Nimeelewa mkuu. Sasa nitajuaje kwamba baridi imeshanizidi?

Mtoa somo: Angalia ulimi, vidole na miguu. Maneno yakianza kuburuzika, ukashindwa kufunga zipu, ukajikwaa mahali tambarare, umeshaingia hatarini. Vaa kila ulichonacho, kula kitu cha sukari, toka kwenye upepo. Ukimwona mwenzako alikuwa anatetemeka kisha ameacha huku akiongea ovyo, hajapona, amezidiwa. Mfunike, mwinue kutoka kwenye ardhi yenye maji, ita msaada, usimwache peke yake. Na koti vaa KABLA hujalowa.

Binti Mchanga: Nimesikia watu wanapaka mafuta ya kupikia chini ya soli ili tope lisigande.

Mtoa somo: Husaidia kwa muda mfupi, kisha mafuta yanasuguliwa na tope. Tatizo ni mwamba. Kama njia yako ina mwamba kilomita za mwanzo, usithubutu.

Mpigalami: Fimbo nitumie au niache?

Mtoa somo: Tumia. Ondoa vile visahani vya karibu na ncha, hukusanya tope hadi fimbo inakuwa nzito.

Swala_Mwekundu: Na usiku? Mvua ikinyesha, tochi ya kichwani inanionyesha matone tu, njia siioni.

Mtoa somo: Ni kwa sababu mwanga unatoka karibu na macho, kwa hiyo unarudi moja kwa moja kwako. Ivue kichwani uifunge kiunoni au uishike mkononi usawa wa paja, punguza mwanga, ielekeze chini. Vivuli vya mawe vitaonekana na matone hayatakusumbua. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi huidhoofisha.