Zima sauti kwanza, halafu fumba macho

Nimejifunza hili juzi na limebadilisha kabisa namna ninavyosikiliza filamu. Chagua tukio la dakika mbili tatu unalolipenda, litazame bila sauti, kisha lirudie ukiwa umefumba macho. Kwenye ukimya utaona mtu anatembea tu kwenye korido. Ukifumba macho utasikia fidla zikikuambia yuko hatarini. Hiyo tofauti ndiyo kazi ya mtunzi wa muziki. Jaribu na Jaws, filamu ya 1975 kuhusu papa anayeshambulia watu baharini: noti mbili za mtunzi wake, John Williams, zinamleta papa kabla hujamwona. Halafu sikiliza pale wavulana wawili wanapotisha watu kwa pezi bandia. Muziki ule haupo, maana papa mwenyewe hayupo! Hapo nilirudisha nyuma mara tatu. Mbinu hii haikufai kwenye tukio lenye maneno mengi, kwani ukizima sauti mazungumzo nayo yanapotea, wala kwenye No Country for Old Men (2007), ambayo karibu haina muziki. Na vaa hedifoni. Spika ndogo ya simu humeza besi, na hofu nyingi hukaa humo.