Namna ya Kujiandikia Kanuni za Uungwana na Kuzishika

Mwanamume anayetaka kujiwekea kanuni za mwenendo anafaa kwanza kulijua neno lenyewe. Katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu huru, mwenye asili yake na mji wake, na kinyume chake alikuwa mtumwa, kiasi kwamba hadhi hiyo mtu aliipata kwa kuzaliwa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na neno likabaki na maana inayotuhusu leo, ya mtu mwenye adabu, subira na ahadi inayoaminika. Wahenga walisema muungwana ni vitendo, nami nalichukua hilo kama agizo la kazi: kanuni isiyoweza kuelezwa kama kitendo chenye mahali na wakati wake haina haja ya kuandikwa.

Basi chukua karatasi moja na uandike kwa mkono. Usiandike kwamba utakuwa mwaminifu au kwamba utawaheshimu watu, kwa sababu maneno ya namna hiyo hayana siku wala saa, na jioni hutaweza kujihoji kama umeyatimiza. Andika, kwa mfano, kwamba mshahara wa dada wa kazi utalipwa tarehe 30 kabla hujanunua kitu chako chochote. Kanuni zisizidi saba, maana zikizidi hapo hutazikumbuka ukiwa na hasira au ukiwa na haraka, na nyakati hizo ndizo utakazozihitaji. Kama hujui uanzie wapi, kumbuka mambo matatu uliyoyafanya mwaka huu ambayo ungeona aibu kuyasimulia mbele ya wazazi wako. Kila jambo moja kati ya hayo linakudai kanuni.

Kwa wengi wetu hapa Moshi, la kwanza litakuwa la fedha. Ifikapo Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, harusi, ubatizo na vikao vya ukoo hufuatana bila kupumzika, na kadi za michango huja kila wiki. Kikaoni mtu humsikia mwenzake akitaja laki mbili, naye hutaja laki mbili ili asionekane mdogo, hali mfukoni hana hata nusu yake. Kamati haina njia ya kujua hayo. Inachukua ahadi zile, inazijumlisha, inalipa kianzio cha ukumbi na kumwagiza mpishi chakula cha watu mia tatu, na ile ahadi isiyotimizwa haipotei hewani, bali inageuka deni la wazazi wa bwana harusi.

Nayasema haya nikiwa nimeyatenda. Miaka kadhaa iliyopita niliahidi shilingi laki moja kwa harusi ya mtoto wa jirani yetu, kisha mwezi ukanibana, nikanyamaza, na mweka hazina aliponipigia nikaacha simu iite mpaka ikanyamaza. Harusini sikwenda. Baadaye nilisikia kwamba mama wa kijana yule aliuza mbuzi wake wawili ili kumaliza deni la mpishi. Hakuna aliyenitaja mimi, kwani walioahidi na kutotoa tulikuwa wengi, lakini hesabu yangu niliijua mwenyewe.

Kanuni niliyoiandika baada ya hapo ina sehemu mbili, nawe waweza kuichukua kama ilivyo. Kwanza, usitaje kiasi kikaoni; sema utaleta jibu kesho, kisha taja fedha uliyo nayo mkononi au ile ambayo siku ya kuingia kwake unaijua. Pili, ukiona huwezi, piga simu wewe kabla hujapigiwa, useme unachoweza na siku utakayokitoa. Shilingi elfu ishirini iliyotumwa kwa simu siku ileile inaisaidia kamati kuliko laki moja iliyoandikwa daftarini, na aliyeitoa hukutana na wenyeji wake bila kukwepa njia. Mikopo ya kirafiki na zamu za kikoba zifuate utaratibu huohuo.

Kanuni ya pili iwahusu wale wanaokuhudumia. Desturi yetu ya salamu iko wazi: mdogo humwamkia mkubwa, na ukubwa huo ni wa umri. Hata hivyo nimewaona vijana wenye magari wakipiga honi getini, mlinzi mwenye umri wa baba zao akaja mbio kufungua, nao wakapita vioo vikiwa juu. Wewe teremsha kioo, mpe shikamoo yake, usubiri marahaba, ndipo uingie. Mpe pia dereva wa bodaboda nauli mliyopatana mlipoondoka bila kuanza mjadala mpya mkifika, na konda usimwite kwa kumpigia mluzi. Haya ni mambo ya sekunde chache, lakini mlinzi yule anayaona kila siku ya maisha yake.

Kuhusu wanawake, jiandikie wazi, kwa kuwa hapa ndipo wanaume wengi tunapojihurumia. Usimwite dada anayepita stendi kwa sifa za mwili wake, wala usicheke mwenzako anapofanya hivyo. Kicheko chako ndicho kinachompa nguvu ya kurudia. Nyumbani, chagua kazi moja iwe yako daima, kama kuwaogesha watoto au kuosha vyombo vya usiku, uifanye bila kungoja kushukuriwa. Na yuko mwanamume ambaye bado anaamini kwamba kumpiga mke ni haki ya mume. Huyo ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunaojiita vijana wa kisasa, kwa hiyo hatuna cha kusingizia.

Simu nayo inahitaji kanuni yake. Ajali ikitokea kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, picha za majeruhi husambaa katika makundi ya simu kabla ndugu zao hawajapata habari, na nimemfahamu mama aliyemtambua mwanawe kwa njia hiyo. Usipige picha ya mtu aliyelala chini. Ukiletewa, ifute na umwambie aliyekutumia kwamba hutaki nyingine. Katika msiba zima simu kabla hujaketi.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Nguo safi iliyopigwa pasi, hata kama ni ya mtumba, na viatu vilivyofutwa vumbi la Januari au tope la Aprili vinatosha kuwaonyesha unaowaendea kwamba umewajali. Kwa upande wa kinywaji, iwe mbege au bia, amua kabla hujatoka nyumbani utakunywa kiasi gani na utarudi kwa chombo gani, kwa maana uamuzi huo hauwezi kuachiwa mtu aliyekwisha kunywa. Funguo za gari au pikipiki ziache nyumbani.

Kanuni ya mwisho, ambayo mimi naithamini kuliko zote, ni ya kuomba radhi, kwa sababu hizo nyingine utazivunja. Wachagga wana sale, mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekosa hubeba jani lake, mara nyingi likiwa limefungwa fundo, akampelekea aliyemkosea, na kulikataa jani hilo ni jambo zito ambalo watu hulikwepa. Ninachokipenda katika desturi hii ni kwamba haifanyiki kwa ujumbe wa simu: sharti uende kwa miguu yako, uonekane njiani ukiwa na jani mkononi.

Hata kama wewe si Mchagga, mpangilio wake unaweza kuufuata. Nenda mchana, pamoja na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Litaje kosa kwa jina lake, bila kusema "kama nilikukosea", kwani maneno hayo humbebesha mwenzako kazi ya kuthibitisha maumivu yake. Usieleze sababu zako mpaka uulizwe. Kisha uliza nini kinaweza kulipwa au kurekebishwa, na ukubali jibu. Mimi nilikwenda kwa yule mama wa mbuzi pamoja na mjomba wangu, nikiwa na jani la sale. Alilipokea, akatukaribisha ndani, akatupa chai, na tulipomaliza kunywa akataja bei aliyouzia mbuzi wale. Nililipa ahadi yangu, nikaongeza bei ya mbuzi mmoja, kwa awamu mbili, na ya pili niliitoa siku moja kabla ya tarehe tuliyokubaliana.

Karatasi yako isikae siri. Mpe mtu mmoja anayekuona kila siku na asiyekuogopa, awe mke, dada au rafiki wa tangu utotoni, na kila mwisho wa Desemba, kabla watu hawajaanza safari za kurudi mijini, mwombe aweke alama kwenye kanuni uliyoivunja zaidi. Msikilize bila kumkatiza. Kanuni ambayo imekwisha kuwa tabia ifute, uandike nyingine mahali pake. Dada yangu aliposoma yangu mara ya mwisho aliweka alama kwenye ile ya shikamoo getini, akanikumbusha na jina la mlinzi, ambalo nilikuwa sijawahi kuuliza.