Harusi ya kisiwani yenye cheti halali: anzeni na makaratasi, ufukwe baadae

Watu wengi wakiamua kwenda kuoana kisiwani wanaanza na picha. Wanatafuta mchanga mweupe, mnazi ulioinama, hoteli inayotazama bahari, wanalipa depoziti, wanatangazia ukoo mzima tarehe, alafu ndo mmoja wao anakuja kuuliza hivi jamani tukirudi hii ndoa itatambulika kweli? Nimemsaidia mdogo wangu kupanga ya kwake, baadae nikamsaidia na rafiki yangu, na kote kuwili nilichojifunza ni kimoja: msajili wa ndoa kwanza, hoteli baadae. Ufukwe utawasubiri, msajili ana kalenda yake na ana orodha yake ya karatasi na hata mlie hamtaipunguza.

Swali la kwanza kabisa, kabla hata ya kuuliza bei, waulizeni hoteli au mratibu wa harusi hivi: nani atafungisha ndoa, ana kibali cha serikali cha kufungisha, na cheti kitatolewa na ofisi gani? Akianza kuzunguka zunguka mjue mnauziwa sherehe tu. Sehemu nyingi ile paketi ya harusi inayotangazwa ni ya ishara, yaani mnavaa, mnavishana pete, mnasoma ahadi zenu, mnapewa karatasi nzuri yenye maua na sahihi, lakini ile karatasi si cheti cha ndoa na haiwezi kuwasaidia kwenye bima, mirathi, visa ya mwenza wala benki. Maldives kwa mfano, kwa miaka mingi harusi za watalii zimekuwa za namna hiyo, ni baraka na picha tu. Sio kosa kufanya hivyo ila muwe mnajua.

Na hapa niseme wazi, kufunga ndoa ya kisheria ofisini nyumbani kimya kimya na watu wawili watatu, alafu mkaenda kisiwani kufanya sherehe ya ishara, ni njia nzuri na haina aibu yoyote. Kama mmoja wenu ana makaratasi magumu, au mnaotoka nchi mbili tofauti, au muda umebana, hiyo ndo ningewashauri moja kwa moja. Wengine wanaona kama harusi inapungua uzito, mimi sioni hivyo, bibi harusi akishasimama pale na shela inapepea hakuna anayekumbuka sahihi iliwekwa wiki gani. Ila wakumbukeni tu kumwambia atakayeongoza sherehe kwamba nyinyi tayari ni mume na mke, maana huko hawatawafungisha mara ya pili.

Sasa kwa mnaotaka iwe halali huko huko. Kuna sheria mbili zinawahusu kwa pamoja na watu wanachanganya. Ya kwanza ni ya kisiwa, hiyo inaangalia utaratibu: mmeomba leseni, mmekaa siku zinazotakiwa, aliyewafungisha anatambulika, mashahidi wapo, imeandikwa kwenye daftari. Ya pili ni ya kwenu, hiyo inaangalia kama nyinyi mnastahili kuoana: umri, undugu wa damu, na kama kuna ndoa ya zamani ambayo haijavunjwa. Kwa kawaida ndoa iliyofuata utaratibu wa kule ilikofungwa inakubalika nyumbani, ila kama sheria ya kwenu ilikuwa inawakataza basi ndege haiwaondolei katazo. Kwaiyo kabla ya lolote nendeni au pigeni simu ofisi ya usajili wa ndoa ya nchi yenu mkaulize wao wanataka nini mkirudi, na kama mna uraia wa nchi mbili ulizeni kote.

Visiwa vyenyewe havifanani hata kidogo, ndo maana ushauri wa mtu aliyeolewa kisiwa kingine usiuchukue mzima mzima. Hawaii hakuna siku za kusubiri wala sharti la ukaazi na mashahidi hawatakiwi, ila lazima wote wawili mfike ana kwa ana kwa wakala wa leseni, na leseni yenyewe inadumu siku 30 na inatumika ndani ya Hawaii tu. Jamaica mnaweza kuoana saa 24 baada ya kufika mradi leseni mmeshaiomba mapema. Bahamas nako kuna hiyo habari ya saa 24, ila kule mnatakiwa muwe mmeshakaa visiwani kwanza ndo muombe leseni, unaona tofauti hapo? Bali mambo yanabadilika kabisa, sheria ya ndoa ya Indonesia ya mwaka 1974 inataka ndoa ifungwe kidini kwanza kisha isajiliwe serikalini, kwaiyo hakuna ile ya bomani peke yake, na maharusi wanatakiwa wawe wametaja dini moja kati ya zile zinazotambulika na serikali. Watu wa dini mbili tofauti wanaopenda Bali wakae chini waongee hili mapema sana. Mauritius sheria ya familia ina asili ya Kifaransa, kule suala la mali za wanandoa ni la kuchagua kabla, mali ya pamoja au kila mtu na zake, na msipochagua sheria inawachagulia. Hili la mali ulizeni popote muendako jamani, watu wanasaini wakiwa na furaha alafu miaka ikipita wanashangaa walisaini nini.

Alafu kuna hii imani kwamba nahodha wa meli yoyote anaweza kuwafungisha ndoa baharini. Inategemea meli ina bendera ya nchi gani na sheria ya nchi hiyo inasemaje, nahodha wengi hawana mamlaka hayo. Msijenge harusi juu ya hilo bila maandishi.

Makaratasi sasa, hapa ndo nitakaa kidogo. Karibu kila kisiwa kitataka pasipoti zenye muda wa kutosha (hesabuni angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi), vyeti vya kuzaliwa vile virefu vyenye majina ya wazazi, na hati ya kuthibitisha kwamba hamna kizuizi cha kuoana. Hiyo ya mwisho nchi nyingine inaitoa ofisi ya usajili, nyingine ubalozi, na nyingine haitoi kabisa, Wamarekani kwa mfano mara nyingi wanaapa tu kwa maandishi. Ina muda wa kuisha pia, sehemu nyingi ni miezi michache, kwaiyo ukiichukua mapema sana imekufa na ukiichukua kwa kuchelewa hujaiwahi. Aliyewahi kuachika aje na hati ya mwisho ya talaka, ile inayosema imekamilika, sio ya awali. Mjane aje na cheti cha kifo na cheti cha ndoa ile ya kwanza. Aliyebadili jina aje na hati ya kubadili jina. Na ulizeni kama kuna muda wa kusubiri kwa mwanamke aliyeachika, nchi zenye asili ya sheria ya Kifaransa baadhi bado zina siku 300, na huwa wanakubali cheti cha daktari kuonyesha hana mimba ili asisubiri.

Majina!! Mdogo wangu kwenye pasipoti jina lake la kati lina herufi moja tofauti na cheti cha kuzaliwa, herufi moja tu, na hakuna mtu kwenye familia aliyewahi kuligundua miaka yote ile. Msajili wa kisiwani aligundua kwenye skani tuliyomtumia kwa emaili. Ikabidi aape mbele ya wakili kwamba ni mtu mmoja, ile karatasi igongwe muhuri, itumwe, na ilikula karibu mwezi mzima. Tungefika nayo hivo hivo siku ya harusi tungerudi na gauni bila cheti. Kaeni mezani nyinyi wawili, pangeni karatasi zote, soma herufi kwa herufi, jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, mmoja anasoma mwingine anatazama.

Baada ya hapo inakuja mihuri. Kuna mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ambao ulileta kitu kinaitwa apostili, ni cheti kimoja kinachobandikwa kwenye hati yako na nchi wanachama kwa kawaida zinakikubali bila kuuliza zaidi. Kama nchi yenu na ya kisiwa zote ni wanachama mmepona, mnaenda ofisi moja inatoka. Kama moja haimo basi ni safari ndefu kidogo, hati inathibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya kwenu kisha inapelekwa ubalozi wa nchi ya kisiwa wagonge na wao. Na kama lugha ya kisiwa ni nyingine tafuteni mtafsiri aliyeapishwa, sio rafiki anayejua Kifaransa. Muulizeni msajili kwanza anataka tafsiri ifanyike kabla au baada ya apostili, maana mkikosea hapo mnaanza upya.

Muda hesabuni kinyumenyume. Chukueni siku ya harusi, toeni siku za kukaa kisiwani kabla ya ndoa, toeni muda wa msajili kukagua karatasi, toeni muda wa mihuri, toeni na mwezi mwingine wa dharura, hapo ndo mnapoanzia. Mwaka mmoja unatosha vizuri, miezi sita inawezekana kwa kubanana, chini ya hapo rudini kwenye ile njia ya kufungia nyumbani. Kisiwani fikeni siku za kazi kabla ya harusi, msifike Ijumaa jioni mkitegemea kuoana Jumapili, ofisi zimefungwa na sikukuu zao sio zenu, angalieni kalenda ya kule. Karatasi halisi ziende kwenye begi la mkononi pamoja na pete, gauni nalo likiwezekana. Kopi ziwe na mtu mwingine anayesafiri ndege tofauti.

Tarehe yenyewe msiangalie tu likizo za wageni. Karibiani msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba na ubaya wake hasa ni Agosti hadi Oktoba, kusini mwa Pasifiki na kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni takriban Novemba mpaka Aprili. Hoteli zinashusha bei miezi hiyo kwa sababu. Mkiamua kwenda basi bima ya safari ikatwe mapema kabla kimbunga hakijapewa jina, kikishapewa jina bima nyingi hazikilipi tena. Karibiani kuna na majani ya baharini, sargasamu, yanajaa ufukweni kwa wingi tangu 2011 na yakioza yananuka, ulizeni ufukwe wenu unatazama upande gani na hoteli inasafishaje.

Maji pia. Angalieni jedwali la maji kujaa na kupwa la siku ile na saa ile. Sehemu nyingi kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwaiyo kila siku inasogea mbele kama dakika 50, na siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapanda juu zaidi na kushuka mbali zaidi. Mratibu akikuonyesha ufukwe mpana wa picha muulize ilikuwa saa ngapi. Na karibu na ikweta sehemu nyingi jua linazama kama saa kumi na mbili kasoro mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni na giza linaingia haraka, hakuna jioni ndefu, mkichelewa dakika 40 mmepiga picha gizani.

Kibali cha ufukwe kiko tofauti na leseni ya ndoa, msichanganye. Fukwe nyingi ni mali ya umma hata mbele ya hoteli, kwaiyo wapita njia wana haki ya kupita, na kwingine kuweka viti, spika au tao la maua kunahitaji kibali. Hawaii hata harusi ndogo ya kulipia kwenye ufukwe wa serikali inatakiwa kuwa nacho.

Wageni wapeni taarifa mapema, waambieni ukweli nani analipa nini, na msimnunie asiyeweza kuja. Mashahidi wawili wawe watu ambao lazima watafika, na pasipoti zao mzitume kwa msajili mapema kama anataka.

Siku yenyewe, kabla hamjasaini, someni kile mlichoandikiwa. Majina, tarehe, kila kitu. Kurekebisha pale ni dakika mbili, kurekebisha mkiwa mmesharudi ni barua za miezi. Ulizeni pia nani anapeleka karatasi kwenye daftari la serikali, sehemu nyingi ni mfungishaji, na mpeni siku chache kisha mfuatilie kwa upole.

Cheti ombeni nakala tatu au nne zilizothibitishwa, na apostili igongwe huko huko kwenye nchi iliyotoa cheti, nchi yenu haiwezi kuigonga karatasi ya wengine. Rafiki yangu alirudi bila apostili, akalazimika kumlipa mtu kule amfuatilie na cheti kikazunguka kwa posta majuma mengi wakati yeye anasubiri kuombea mumewe kibali cha ukaazi. Mkirudi pelekeni cheti ofisi ya usajili ya kwenu kama wanasajili ndoa za nje, ndo mbadilishe jina pasipoti na benki kwa mtu anayetaka kubadilisha. Tiketi za fungate ziwe na jina lile lile lililoko kwenye pasipoti ya siku ya kusafiri, hata kama juzi yake umeshaolewa.