Somo: Kuweka mfumo wa visa karakanani, na kuutunza usioze

Wadau wa ufundi, salaam kutoka Tanga. Niliahidi kueleza tulivyoingiza mfumo wa visa kwenye karakana ya mashine za boti hapa Sahare. Kisa hapa ni kumbukumbu ya shida moja na ilivyotatuliwa, na mfumo ni programu inayotatua shida mpya kwa kukumbuka za zamani, kama afanyavyo fundi mzee: mashine ikishushwa tu, "hii nilishaiona". Wazo hili lilikuzwa Marekani miaka ya 1980 na Roger Schank na wanafunzi wake, akiwemo Janet Kolodner. Mwaka 1994 Agnar Aamodt na Enric Plaza wakaipanga kazi hatua nne: tafuta kisa kinachofanana, tumia jibu lake, lirekebishe, kisha hifadhi ulichojifunza. Kuzijua hizo nne ni kazi ya siku moja. Kuzifanya ziishi kazini ndiko kulikotutoa jasho.

1. Chagua shida moja inayojirudia. Sisi tulianza na mashine zinazozima baharini, basi. Stoo na mishahara tuliviacha.

2. Andika kisa hadi mwisho wake. Dalili kwa maneno ya mvuvi mwenyewe, aina ya mashine, kilichokutwa, kilichofanywa, na hali yake baada ya wiki mbili. Hicho cha mwisho ndicho tulichokiruka, na kilitugharimu. Tuliandika "plagi imebadilishwa, imepona", kumbe boti lilirudi siku ya tatu. Shida ilikuwa maji yaliyotuama chini ya tangi la petroli. Hakuna aliyerudi kusahihisha. Mwezi mzima kila mashine iliyozima mfumo unasema plagi, nasi tunauza plagi. Sasa msichana wa mapokezi huwapigia wateja simu, na kisa hakihesabiwi kimefungwa kabla ya simu hiyo. Kilichoshindwa nacho tunakiweka, kimeandikwa wazi kwamba kilishindwa.

3. Kubalianeni maneno. Mashine isiporusha nje maji ya kuipoza, mmoja aliandika "haikojoi", mwingine "haitoi maji pembeni". Kwa fundi ni kitu kimoja: angalia impela ya pampu (kile kipangaboi kinachosukuma maji), au tundu limeziba chumvi na mchanga. Kwa kompyuta yalikuwa magonjwa mawili. Tukaketi jioni mbili na kahawa, tukatoka na orodha ya dalili 23, kila moja na majina yake yote ya mtaani.

4. Pima ufanano. Kila sifa ipe uzito. Kwetu dalili ni 5, historia ya petroli 3, aina ya mashine 2. Kisa kinacholingana kwa dalili na petroli, mashine ikiwa tofauti, kinapata 8 kati ya 10. Mwanzo tuliipa aina ya mashine uzito mkubwa kuliko vyote. Ikawa unaletewa mashine ndugu, ugonjwa tofauti kabisa.

5. Uweke palepale kazi inapofanyika. Kompyuta ilipokuwa ofisini kwa bosi hakuna fundi aliyeigusa, mikono ina oili. Sasa dalili huingizwa mapokezi, na visa vitatu vya karibu huchapwa kwenye kadi ya kazi inayokwenda na mashine.

6. Palilia. Mteueni mtu mmoja mwenye ruhusa ya kufuta, na apewe saa za kazi hiyo. Msifute kwa kuangalia umri. Barry Smyth na Mark Keane walionyesha mwaka 1995 kwamba kisa kikiwa peke yake kinachotatua shida fulani, ukikifuta umepoteza uwezo huo, hata kama hakitumiki mara kwa mara. Kinachostahili kuondoka ni kile ambacho kazi yake inafanywa na majirani zake, yaani visa vinavyofanana nacho. Tulikuwa na visa kumi na moja vya impela vinavyofanana kama mapacha, tukabakiza vitatu. Pia mashine zikibadilika, pitieni upya: ushauri wa kuchanganya oili na petroli haufai kwa mashine yenye oili yake pembeni.

Maswali ya wadau

*Mwalimu, nipo Pangani. Nianze na visa vingapi?*
Sisi 40, ndugu yangu. Ila 40 vya shida moja havikusaidii. Tafuta angalau viwili kwa kila dalili inayokuja mara kwa mara.

*Kaka, fundi wetu mkuu hataki kutoa siri zake. Anasema akishazitoa atafukuzwa.*
Dada, hofu yake ina msingi, usiidharau. Kwetu mzee ndiye anayeidhinisha kisa kabla hakijaingia, jina lake linaandikwa juu yake, na posho ya kazi hiyo iliwekwa kwenye mkataba. Kabla ya mkataba alikuwa akitupa visa vya plagi tu.

*Kwa nini tusiiulize tu akili mnemba ya kwenye simu?*
Iulize. Lakini haijui lile tangi la petroli la mteja wako liliwahi kuingia maji.

*Visa visipofanana kabisa je?*
Weka kiwango. Chini ya 6 mfumo wetu hautoi ushauri, unaandika "muite mzee".