Mwalimu Anapoulizwa Atampigia Nani Kura

Kadiri uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unavyokaribia, mwalimu wa sekondari jijini Nairobi hana budi kulitarajia swali hili, na ni heri ajiandae mapema. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa haki zake za kisiasa kama raia yeyote, lakini Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 inamkataza afisa wa umma kushiriki siasa kwa namna inayoifanya ofisi yake ionekane inaegemea upande. Basi mgombea wako usimtaje darasani, wala katika kundi la WhatsApp la wazazi.

Hata hivyo, kunyamaza hakutoshi. Katika jiji hili wanafunzi huwa wamekwisha kujijibu kabla ya kukuuliza, kwa maana jina lako la ukoo limo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, nao wakilisoma hukisia kabila lako na kutoka hapo wakakisia kura yako. Ndiyo maana nashauri uanze kwa kuuhoji upande ule wanaodhani ni wako. Iwapo mgombea wa kwenu ameahidi kushusha bei ya unga, andika maswali ubaoni: fedha zitatoka wapi, Bunge litahusika vipi, na nani atakayeumia? Kisha, katika kipindi hichohicho, mpime mpinzani wake kwa maswali yaleyale bila kufuta hata moja, ili wanafunzi waione mizani yenyewe badala ya kuisikia ikisifiwa.

Ukiulizwa waziwazi, usimkemee mwanafunzi, kwani hajakosa adabu. Mjibu kwa upole: “Kura yangu ni siri, na sipendi uikubali au uikatae hoja kwa sababu ni yangu.”

Tenganisha maoni na mambo yaliyothibitika. Kwamba Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, au kwamba mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, si mambo ya kupigiwa kura darasani. Yaseme kwa uthabiti, hata yakimuudhi mtu.

Maandamano ya Juni 2024 ya kupinga kodi za Mswada wa Fedha yanahitaji uangalifu zaidi, maana huenda umeketisha dawati moja mtoto wa polisi na kijana ambaye dada yake alikuwa barabarani. Anza na safari ya mswada huo hadi Rais alipokataa kuutia sahihi, kisha wasome Kifungu cha 37 kuhusu haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha, ndipo uwaruhusu wabishane. Lakini anayelitukana kabila la mwenzake mkatize papo hapo; baada ya ghasia za kikabila zilizotokea Kibera na Mathare mwanzoni mwa 2008, tusi hilo halistahili kuitwa maoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyetimiza miaka 18 akikufuata baada ya kipindi kutaka ushauri, mwelekeze aende na kitambulisho chake kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge lake akajiandikishe.