Namna ya Kukagua Kitanda cha Mtoto cha Kurithi Kabla Mtoto Hajalazwa Humo

Katika familia nyingi za Tabora kitanda cha mtoto hakinunuliwi mara mbili. Seremala hukitengeneza kwa mninga, mtoto wa kwanza hulala humo, na akishakua kitanda hufunguliwa na kupakiwa kwenye basi kwenda Urambo au Nzega kwa shangazi aliyejifungua, kisha baada ya miaka kadhaa hurudi mjini kumpokea mtoto mwingine. Ni desturi njema ambayo ningependa idumu. Hata hivyo, maneno "sote tulilala humo" yanaeleza hali ya kitanda cha wakati ule, wala hayatuambii lolote kuhusu boliti, rangi na godoro la leo.

Kitanda kilichofika kwetu Isevya kilikuwa kimekwisha kulea watoto watano, na boliti mbili zilizopotea njiani zilikuwa zimebadilishwa kwa waya. Kilionekana imara mpaka nilipokishika ubavuni na kukitikisa, ndipo ubao wa kichwani ulipoachana na ubavu na kuacha pengo ambalo mkono wa mtoto ungeingia bila shida.

Kwa hiyo anza kwa kukiunga chote bila godoro, kisha shika kila kona uitikise kwa nguvu, kama atakavyofanya mtoto anayejifunza kusimama. Panapocheza patiwe boliti na nati zinazolingana na tundu lake; waya na kamba hulegea, na msumari uliopigwa kwenye tundu la zamani hutoka taratibu bila mtu kuona. Angalia pia chini ya kitanda kama kuna unga wa mbao ulioachwa na wadudu. Chaga iliyotobolewa ibadilishwe mara moja, kwa sababu ikikatika upande mmoja godoro huinama, na mtoto huteleza hadi kwenye pengo lililo kati ya godoro na ubavu.

Kipimo ambacho singekubali kukadiria kwa jicho ni nafasi kati ya fito za ubavuni. Azima tepu kwa fundi cherehani: nafasi hiyo isizidi sentimita 6. Mtoto mchanga anaweza kupenyeza miguu, kiuno na kifua katika pengo ambalo kichwa chake hakipiti, akabaki ananing'inia kwa shingo. Mafundi wa zamani walipanga fito kwa kuangalia uzuri, hivyo vitanda vingi vya kurithi vitahitaji fito za nyongeza, kazi ambayo seremala huimaliza kwa muda mfupi. Mwombe pia akate vichwa vya nguzo za pembeni vilivyoinuka juu ya ubao, kwa kuwa nguo ya mtoto hunasa hapo, na azibe nakshi zozote zilizotobolewa upande wa kichwani.

Vitanda vya mtumba kutoka Ulaya na Marekani vina tatizo la peke yake, yaani ubavu unaoshushwa na kupandishwa. Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vya aina hiyo mwezi Juni 2011, baada ya watoto kunaswa na kufariki pale ubavu ulipochomoka. Ushauri wangu ni kutokipokea hata kama kinatolewa bure.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba mtoto anayeota meno hutafuna ubao. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua, na kuipiga msasa mkavu ndani ya nyumba hueneza vumbi lenye sumu hiyo. Ikiwa rangi inabanduka na hujui ni ya aina gani, ni heri fito hizo zibadilishwe.

Godoro ndilo ninalolikataa kwa urahisi zaidi. Utafiti uliofanyika Scotland na kuchapishwa mwaka 2002 uliona uhusiano kati ya godoro lililokwisha kutumika, hasa lililotoka nyumba nyingine, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga, ingawa haukuthibitisha chanzo. Nunua sponji mpya, ngumu, iliyokatwa kwa kipimo cha kitanda, kiasi kwamba vidole viwili visiweze kuingia kwa ulegevu kati yake na ubavu. Mito ya kumkinga asigonge mbao iondolewe yote, pamoja na mablanketi mazito ambayo bibi hutoa sandukuni baridi ya Juni inapoingia. Mweleze kwa heshima kwamba mtoto alazwe chali, akiwa amevishwa nguo za kutosha, bila kitu laini karibu na uso wake.

Shuka na nguo za kurithi zinafaa, lakini kwanza zinuse. Zikiwa na harufu ya vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kuzuia wadudu, usimvishe mtoto. Wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika maeneo ya malaria kama yetu, na naftalini huvunja seli zao nyekundu za damu. Mtoto akiwa na macho ya manjano au mkojo mweusi, apelekwe hospitali mara moja. Fua nguo hizo mara kadhaa na kuzianika mpaka harufu iishe kabisa, kisha pitisha pasi ya moto kila mahali, hata kwenye mishono, kwa sababu yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na mabuu yake hupenya ngozi.

Chandarua cha zamani kilichotoboka kisirithiwe. Kliniki hutoa vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito. Kitundike juu ya kitanda na kuchomeka pindo lake chini ya godoro, bila kamba yoyote kuning'inia ndani.

Kitanda kikishindwa ukaguzi, usikiegemeze nje ya ukuta, maana jirani atakichukua kwa nia njema. Kivunje kwanza, umpelekee seremala mbao zilizo nzima, kwa kuwa mninga uliokauka kiasi hicho hutoa kigoda kizuri.