Namna ya Kufuatilia Uelewa wa Kijamii wa Mtoto Tangu Kuzaliwa Hadi Miaka Miwili

Mtoto huanza kuwaelewa watu muda mrefu kabla hajatamka neno, na mzazi anayejua la kuangalia anaweza kuufuatilia uelewa huo nyumbani bila kifaa chochote. Tumia dakika chache za kunyonyesha au kuogesha, uso wako ukiwa karibu na wake, kwa kuwa mtoto anayeshinda mgongoni ndani ya kitenge hupata joto la mama lakini hayaoni macho yake.

Kati ya wiki ya 6 na ya 8, watoto wengi huanza kutabasamu kwa kumjibu anayewatabasamia. Mwongeleshe, kisha nyamaza kidogo ili naye apate nafasi ya kujibu kwa sauti au kwa kurusha miguu, halafu umjibu tena. Kupokezana huku huimarisha miunganiko ya seli za ubongo katika umri ambao ubongo unakua kwa kasi kubwa, hata kufikia miaka 2 ujazo wake hukaribia asilimia 80 ya ule wa mtu mzima.

Akifikisha miezi 9, mwite kwa jina akiwa amekupa mgongo. Akiwa hageuki kwa jina wala kwa mlio wa sufuria, apimwe masikio kwanza. Akigeuka kwa sufuria tu, siku baada ya siku, liandike hilo kwenye daftari.

Kwangu mimi, ishara yenye uzito kuliko zote ni kidole. Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mtoto wa miezi 14 aliyekaa na mama yake kando ya dagaa walioanikwa humwona korongo, humnyooshea kidole, humgeukia mama usoni, kisha humtazama korongo tena. Hataki kupewa korongo. Anataka mama naye amwone. Kunyoosha kidole ili apewe ndizi ni jambo jingine, na wazazi wengi huyachanganya haya mawili. Nawe mjaribu: onyesha mtumbwi ulio mbali na useme, "Tazama!" Je, anaufuata mwelekeo wa kidole chako, au anaishia kukitazama kiganja?

Ishara moja iliyokosekana haithibitishi usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Lakini mtoto wa miezi 18 ambaye haonyeshi vitu kwa kidole, haitiki jina lake na haigi hata mchezo wa kumlisha mwanasesere anastahili kuchunguzwa, na aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, katika umri wowote, apelekwe mara moja. Usikubali kuambiwa usubiri kwa sababu eti wavulana huchelewa kusema.

Daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii mwaka 1943, kupitia watoto 11 aliowaona Marekani, baadhi ya wataalamu waliomfuata waliwatupia lawama akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao. Dai hilo lilikuwa la uongo na liliumiza watu wengi. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo urithi una mchango mkubwa ndani yake. Chanjo haiusababishi, na makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha. Mama, hukukosea, na mtoto wako hakulogwa.

Nenda kliniki na kadi ya mtoto, daftari lako na video fupi ulizorekodi kwa simu akiwa anacheza nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari mtoto anaweza kuogopa na asifanye hata yale anayoyaweza. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Kwa Kanda ya Ziwa wapo Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza.

Msaada usisubiri tarehe ya rufaa. Keti chini, macho yako yalingane na yake, ukitaje kile anachokitazama yeye badala ya kumvuta kwenye unachokitaka wewe, uige sauti zake, na akikutupia jicho hata kwa nukta moja, umjibu papo hapo kwa furaha.